Zulia la Mbele

Mwinchande, fundi baiskeli aliyefungua duka, alikwenda harusini akaketi kwenye zulia la mbele, pilau inakoanza kupakuliwa. Tajiri Badru akamkunjia uso.

"Wewe! Rudi nyuma jamvini. Kila mtu akae alipokaa baba yake!"

"Kweli kabisa, bwana. Lakini wengi watabisha. Waapie."

Badru akasimama, akaapa mbele ya wageni wote kwamba atakayekaa mbele kuliko baba yake atafukuzwa bila kuonja hata punje.

"Ahsante," alisema Mwinchande akiinuka. "Haya, twende. Baba yangu alikaa jamvini. Marehemu baba yako alikuwa uani, akisugua masufuria. Nikushikie kanzu isiingie masizi?"

Wapishi uani wakapiga vigelegele. Badru akasogea upesi.

"Kaa, ndugu yangu, kaa! Zulia lenyewe pana."