Ngiri Aliyeambiwa Kaa

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo pakawa yenu imelala. Na wewe baba uliyekuja kumchukua mtoto ukaishia kuketi, jibu nawe. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tunakwenda.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mpira mmoja tu wa matambara na kila mmoja anadai ni wake, palikuwa na timu iliyoitwa Vumbi. Uwanja wao ulikuwa vumbi. Jezi zao vumbi. Mashabiki wao vumbi mpaka kwenye kope. Na katikati ya uwanja, mbele ya mabeki, alisimama Ngiri. Nasema alisimama, lakini nawadanganya. Ngiri hakuwahi kusimama.

Ngiri alivaa namba sita. Kazi ya namba sita ni kukaba, kuwazuia wapinzani wasifike golini. Aliivaa jezi hiyo misimu tisa, ikafifia, ile sita ikabaki kama sifuri iliyoota mkia. Wa kwanza mazoezini alikuwa yeye. Wa mwisho kuondoka alikuwa yeye. Wenzake wakinywa maji, yeye anapanda kilima. Wenzake wakipumzika, yeye anasukuma gogo.

Kocha wake wa zamani alikuwa Nyati, na Nyati alikuwa na somo moja tu: fukuza. Mpira ukienda kulia, Ngiri huyo, mkia juu, tifu tifu tifu. Ukienda kushoto, Ngiri huyo, mkia juu, tifu tifu tifu. Mara nyingine aliupita mpira, akapita mstari, akapita watazamaji, akaingia kichakani, na huko kichakani akasimama kujiuliza alikuwa anafukuza nini. Mashabiki walimpenda. Walisema huyo ndiye mchapakazi, tazama vumbi lake. Mabao waliyofungwa yeye akiwa kichakani hawakumlaumu kwayo.

Mwaka mmoja Nyati akazeeka, akaenda kulala zake topeni. Timu ikaleta kocha mpya kutoka mtoni. Jina lake Kaa. Huyo huyo mnayemjua, mwenye miguu mingi, anayetembea kwa ubavu. Alikuwa mdogo, kwa hiyo alifundisha akiwa juu ya kichuguu asije akakanyagwa. Tena hakuwa msemaji. Neno moja likimtosha, la pili hulisikii.

Siku ya kwanza alimtazama Ngiri akikimbia huku na huku mpaka macho yake yale ya vijiti yakachoka. Akamwita. Akamweleza kwamba msimu unafunguliwa na Timu ya Ng'ambo, na atakayeshinda atakunywa maji wa kwanza kiangazi chote. Na Ng'ambo wana Digidigi. Mdogo, miguu njiti, akikuonyesha anakwenda kulia kumbe yuko kushoto. Namba sita wa kufukuzafukuza hamwezi huyo. Ngiri akibadilika atabaki na jezi yake. Asipobadilika, jezi atapewa Nungunungu, mchezaji wa akiba.

Ngiri akaishika jezi kifuani. Ile jezi ndiyo iliyomfanya awe Ngiri. Bila hiyo ni nguruwe tu wa porini.

"Niambie la kufanya, Mwalimu," akasema. "Kazi siiogopi."

"Jambo dogo," akasema Kocha. "Digidigi akija na mpira, kaa."

Swala akaambiwa ajifanye Digidigi. Akaja na mpira, tap tap tap.

"Kaa," akasema Kocha.

Ngiri akakaa. Pwata, makalio chini. Swala akampita.

"Hapana. Kaa."

Ngiri akadhani hakukaa vizuri. Akakunja na miguu ya mbele. Swala akampita tena, safari hii kwa kumruka.

"Nimesema kaa! Kaa, kaa, kaa!"

Ngiri akalala kifudifudi, kidevu mchangani, na macho akayafumba ili Kocha aone kwamba ametii.

Mnacheka. Ngiri hakucheka, Ngiri alilia. Misimu tisa hakuna aliyewahi kumwambia akae, na leo anaambiwa mara nne kwa pumzi moja. Na mchezaji akiambiwa akae, si ndiyo benchi hiyo? Akainuka, akavua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya kichuguu. Kisha akaenda kwenye gogo la wachezaji wa akiba, akakaa.

Kaa naye juu ya kichuguu alichoona ni kingine. Alisema moyoni, huyu namwambia abaki mahali pake, yeye analala. Narudia, anavua jezi. Huyu amenidharau. Akaudhika, akampa Nungunungu jezi aijaribu. Ikapita kichwani vizuri. Ilipofika mgongoni, chwaa chwaa chwaa, matundu kila mahali.

Kanga wawili waliokuwa wakidonoadonoa pembeni wakatimka kupeleka habari. Mchana pori zima lilijua kwamba Ngiri amewekwa benchi. Alasiri lilijua kwamba amevunjika mguu. Jua lilipokuwa linatua, jirani mmoja alikuwa ameshaanza kutafuta majani ya kufungia zawadi ya pole.

Ngiri hakujua afanye nini, basi akafanya alilolizoea. Siku tatu alichapa kazi maradufu. Alipanda kilima asubuhi, akakipanda tena mchana. Alisukuma gogo na wachezaji wa akiba wakiwa wamelikalia. Kocha hakumtazama hata kwa jicho moja, na jicho la kaa, mnajua, linaweza kutazama upande wowote likitaka.

Siku ya tatu jioni akarudi nyumbani. Sasa, mnajua ngiri anavyoingia nyumbani kwake? Anaingia kinyumenyume. Makalio yanatangulia shimoni, uso na meno vinabaki mlangoni, ili anayemfuata akutane na meno. Baba yake aliingia hivyo, na babu yake, na njia nyingine hawaijui. Ngiri akaingia kinyumenyume, akamwambia mkewe yote, pua ikimtiririka. Misimu tisa, mama watoto. Ananiambia kaa.

Mkewe alikuwa akiwagawia watoto mizizi. Kabla hajajibu, huko nje wakasikia nusa nusa nusa. Fisi.

"Baba watoto," akasema mkewe, "kaa hapo mlangoni."

Ngiri akakaa. Miguu minne imesimama, meno nje. Fisi akajaribu upande wa kulia, akakuta meno. Akajaribu kushoto, akakuta meno. Akajifanya anaondoka, Ngiri hakumfuata. Akarudi ghafla, akakuta meno yako pale pale yalipokuwa. Mwishowe Fisi akachoka, akaenda kutafuta nyumba nyingine.

Mkewe akaweka mizizi chini, akamtazama.

"Sasa mbona mimi nikikwambia kaa hujilazi chini?"

Ngiri akaitazama miguu yake minne iliyosimama. Watoto wakaendelea kutafuna.

Kesho yake Ngiri alifika kichuguuni kabla Kaa hajaamka. Kaa alipotoa macho nje, akamkuta.

"Mwalimu," akasema Ngiri, "kuna kaa ya kuketi na kuna kaa ya kubaki. Yako ni ipi?"

Kaa akamwangalia kwa jicho la kulia. Akamwangalia kwa jicho la kushoto. Halafu akaanza kucheka, magando yakagongana kacha kacha kacha, akaanguka kutoka juu ya kichuguu, Ngiri akamwinua kwa pua. Akasema kwao mtoni anayetakiwa aketi huambiwa aketi, au akae kitako. Lakini kaa peke yake ni kubaki mahali pako. Hakujua kwamba huku porini ni vingine.

Alipomaliza kucheka uso ukabadilika.

"Kosa ni langu," akasema. "Nimeingia kwenu nikaanza kufundisha, sikuuliza kwanza mnasemaje."

Ngiri akasema hapana, ni lake yeye, amelia siku tatu kwa neno la kuuliza mara moja. Kisha akasimulia habari ya Fisi mlangoni. Kaa akamtaka amwonyeshe alivyosimama. Ngiri akaonyesha, mbele ya goli, akirudi kinyumenyume, meno kulia, meno kushoto. Kaa akamzunguka kwa ubavu. Akasema yeye amekuja kumfundisha Ngiri jambo ambalo Ngiri analifanya kila jioni akirudi kwake. Basi goli ndio mlango, na Digidigi ni Fisi mwenye miguu mizuri.

Jezi ikarudishwa. Ilikuwa na matundu, lakini kwa joto lile Ngiri alishukuru.

Msidhani ikawa rahisi. Miguu iliyofukuza misimu tisa haisahau kwa siku moja. Swala akipita tu, mkia wa Ngiri unapanda wenyewe, na mkia ukipanda, Ngiri kaondoka. Ndipo Kaa akamtungia maneno ya kujiambia. Yashikeni, mtayahitaji. Mkia juu, nakwenda. Mkia chini, nabaki. Semeni nami. Mkia juu?

Nakwenda.

Mkia chini?

Nabaki.

Vizuri. Siku ya mechi ikafika. Kobe alikuwa mwamuzi, kwa sababu hana ndugu katika timu yoyote na hana haraka. Filimbi ikalia, priii, na Digidigi huyo, tap tap tap.

Mashabiki wa Vumbi wakapiga kelele za siku zote, fukuza, Ngiri, fukuza. Mkia ukatetemeka. Mkia chini?

Nabaki.

Akabaki. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, meno mbele. Digidigi akaonyesha kulia, akaonyesha kushoto, hakuna aliyemfukuza, akakosa pa kupita, akaupoteza mpira. Akaja mara ya pili. Akaja mara ya tano. Na mashabiki, badala ya kufurahi, wakazomea. Vumbi liko wapi? Amezeeka huyo. Amekuwa mvivu. Mpeni Nungunungu. Yule yule waliyempenda miaka tisa. Iliuma, jamani. Ngiri alitaka kukimbia mara moja tu wamwone, apigiwe makofi, basi. Lakini mkia ukabaki chini.

Mara ya saba Digidigi akakasirika, akapiga shuti kwa nguvu zake zote. Puu! Usoni mwa Ngiri. Na mpira ukatoweka.

Ukatafutwa. Wakatazama juu, haupo. Wakatazama majanini, haupo. Kipa wa Ng'ambo akaacha goli akaja kusaidia. Digidigi akamwinua Nungunungu kwenye gogo atazame chini yake, akajuta. Ngiri naye anatafuta, anauliza kila mtu kama ameuona. Kumbe ule mpira wa matambara umechomeka kwenye jino lake la kushoto.

Kaa ndiye aliyeuona kwanza. Akasema neno ambalo hajawahi kumwambia.

"Ngiri. Nenda."

Mkia juu?

Nakwenda!

Tifu tifu tifu! Lile vumbi la miaka yote. Hakuna aliyemkaba, wote wameinama wanatafuta. Akafika goli la Ng'ambo, li wazi, halina mtu. Na hapo Ngiri akasimama. Kwa nini? Kwa sababu goli ni mlango. Na Ngiri hajawahi kuingia mlango wowote uso mbele tangu azaliwe.

Akageuka. Akaanza kuingia kinyumenyume. Makalio yakapita mstari. Tumbo likapita. Vikabaki shingo na uso, na jino lenye mpira. Mashabiki wakati huo wameshaona, wanaruka, wanamshangilia kocha wao kwa jina lake: Kaa! Kaa! Kaa!

Sasa niambieni, Ngiri alifanya nini?

Alikaa.

Alibaki pale pale! Ile ya kubaki, kama alivyofundishwa, mpira nje ya mstari kwa upana wa kwato. Kocha akapiga kelele kichuguuni, hasikiki. Siku hiyo alilichukia jina alilopewa na mama yake. Digidigi akaona mpira, akaja mbio, tap tap tap, amefika, ananyoosha mguu.

Mama watoto akasimama katikati ya watazamaji.

"Baba watoto, Fisi huyo. Ingia ndani."

Vup! Ngiri, jino, mpira na nusu ya neti.

Kobe alifika golini baada ya muda, sisemi muda gani. Akaulizwa kama jino ni mkono. Akafikiri. Akasema jino ni jino. Priii. Vumbi moja, Ng'ambo bila. Wale waliozomea ndio wale wale waliotaka kumbeba, tena walitangulia.

Ngiri aliwapita wote, akaenda mpaka kwenye kichuguu, jezi yake ya matundu kifuani. Kaa akamwambia ile jezi ni yake mpaka atakapoivua mwenyewe kwa hiari yake. Kisha akamwambia neno moja.

"Kaa."

Ngiri akamtazama. "Ipi, Mwalimu?"

"Ya kuketi. Umechoka."

Ngiri akakaa kitako, mara ya kwanza kwa raha katika misimu tisa, akalia tena. Safari hii hakuna aliyemcheka.

Basi somo lenyewe ndilo hili. Mchapakazi aliyezoea mambo ya zamani anaweza kung'ara kwa kocha mpya. Lakini asipoelewa neno, aulize kabla hajavua jezi. Na anayekuja kufundisha naye aulize kwanza, huyu ninayemfundisha anaingiaje nyumbani kwake?

Hadithi yangu imeingia shimoni kinyumenyume, meno nje, na imeishia hapo. Nanyi msiendelee kukaa hapa. Zote mbili.