Jiwe Aliloliogopa Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiamka alfajiri kwenda kibaruani kama baba zenu, Bwana Kifaru alikuwa na tanuri la kuchomea chokaa. Wafanyakazi wake walikuwa Sikudhani, pimbi mdogo mwenye macho makali, na Chande, mdogo wake wa tumbo moja.

Wachoma chokaa walikuwa na desturi yao. Kabla ya kuingia kutoa mawe, hutupa jani bichi ndani ya tanuri. Jani likijikunja, hakuna anayeingia.

Siku moja tanuri lilizimwa asubuhi. Mchana Kifaru akaja, puu, puu, puu, ardhi ikatetemeka.

"Ingia utoe chokaa. Wateja wananisubiri."

Sikudhani akatupa jani. Chwaa! Likajikunja.

"Bado, bwana. Tungoje lipoe."

"Unanibishia mimi?"

"Sikubishii. Nitaingia kesho."

"Kesho hutakuwapo hapa. Mkaidi mkubwa wee! Nenda zako."

Akafukuzwa pale pale, hata kujieleza hakupewa nafasi. Kisha Kifaru akamgeukia Chande. "Na wewe?"

Chande akamtazama dada yake. Nyumbani kulikuwa na watoto wengi, na sasa mshahara umebaki mmoja.

"Usijali, dada," akasema. "Nitatoka upesi."

Hakutoka. Joto na moshi vilimkaba humo humo.

Kifaru akatangaza kwamba marehemu alikuwa na pumu. Sikudhani naye, kila alikokwenda kuomba kazi aliambiwa, "Si wewe yule mkaidi wa kwa Kifaru?" Watoto wakalala njaa. Siku zile alilia sana, wanangu, na nani asingelia? Alipochoka kulia akaenda kushtaki kwenye Baraza la Kazi, kwa Korongo mwamuzi.

Siku ya kesi Kifaru akajaza mlango mzima.

"Mwamuzi, alikaidi amri yangu. Tanuri lilizimwa asubuhi, mchana lilikuwa baridi kabisa."

"Baridi ya kushikika?" akauliza Sikudhani.

"Hata mtoto angeyashika yale mawe."

Sikudhani akatoka. Akarudi na jiwe jeupe lililojaa majivu, amelibana kwa koleo, analipuliza fuu, fuu, uso ameukunja. Akaliweka mbele ya Kifaru.

"Bwana, leo pia tanuri lako limezimwa asubuhi, na sasa ni mchana. Tafadhali, lishike jiwe hili."

Kifaru akarudi nyuma, kiti kikavunjika, kacha!

"Unataka kuniunguza?"

Sikudhani akaliokota jiwe kwa mikono mitupu, akaliweka shavuni.

"Nimeliokota mtoni. Ni baridi, bwana. Lakini wewe mwenyewe unajua mawe ya tanuri lako huwaje mchana. Ulijua, na bado ukamwambia Chande aingie."



Korongo akasema polepole, "Sheria yetu inamtaka mfanyakazi atii amri halali. Kumpeleka mtu motoni si amri halali. Tena ulimfukuza bila kumsikiliza. Sikudhani si mkaidi, arudi kazini kwake. Na wewe, Kifaru, hutoki hapa mpaka utueleze habari za Chande."

Wanyama wakapiga vigelegele, wakataka kumbeba Sikudhani juu juu. Akakataa. Akaenda moja kwa moja kwa mjane wa Chande, akamkuta anakoka moto wa jikoni.

"Wifi, nimeshinda."

"Hongera, wifi."

"Hawatasema tena kwamba ni pumu."

Mjane akaweka kuni chini. Wakakumbatiana, wakalia mpaka moto ukazimika.

Basi wanangu, shikeni hili: kukataa amri inayoua si ukaidi, na anayeitoa asiachwe bila kuulizwa.