Sungura na Mada ya Bwawa

Mwaka huo mvua ilipita mbali kama mkwe aliyekosana na ukoo, na bwawa la Chuo Kikuu cha Wanyama likaanza kuonyesha tope. Mto ulikuwepo, mwendo wa siku mbili kwa mwenye mbio. Kobe hakuwa na mbio. Kwake yeye bwawa likifungwa ni kufa, basi.

Wa kulichimba bwawa lizidi kina hakupatikana. Wote walikuwa kwenye Chama cha Mdahalo. Simba alikuwa mwenyekiti na mwamuzi, maana hakuna aliyethubutu kugombea naye. Fisi alijipa ulinzi wa bwawa ili awe karibu na kinywaji. Katibu alikuwa Sungura, na katibu ndiye mshika kibuyu.

Ndani ya kibuyu hutiwa punje mbili za kunde, nyeupe na nyeusi. Anayetoa nyeupe hutetea mada, anayetoa nyeusi hupinga, apende asipende. Sungura alitia mbili za rangi asiyoitaka, ya rangi aliyoitaka akaibana vidoleni.

Muhula wa kwanza mada ilikuwa “Kulala ni kazi.” Sungura akatoa nyeupe, akausifu usingizi mpaka Simba akapiga miayo ya furaha. Muhula wa pili ikawa “Kunguruma ni kelele.” Safari hii akatoa nyeusi, akashinda tena. Aliyeshindwa mara zote mbili ni Kobe, kwa kuwa wengine walishachoka kuaibishwa.

“Mzee Kobe, huoni haya?” Sungura akamuuliza. “Kila muhula unakuja kushindwa, kama umeajiriwa.”

“Nakuja kusikiliza. Kusema mnasema nyinyi.”

Muhula wa mwisho ulikuwa na uzito wake, maana mada inayopita hugeuka kanuni ya chuo kwa mwaka mzima. Fisi akaileta: “Bwawa liwe la wakubwa tu.” Sungura alijua Simba ataipenda, akajitolea nyeupe. Udogo wake mwenyewe haukumsumbua. Nani atamfukuza katibu?

Alipoanza kutetea, Kobe akainua shingo. “Bwana Katibu, mkubwa ni nani? Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mada hufafanuliwa kwanza.”

Sungura akamtupia jicho Simba aliyelala kama jabali. “Mkubwa ni yule ambaye mwenzake hawezi kumwinua kutoka chini. Kuna wa kumwinua Mheshimiwa Mwenyekiti hapa?”

Wote wakatazama majani.

“Andika,” Simba akasema.

Sungura akaandika kwa mkono wake. Zamu ya Kobe ilipofika, alisema tu, “Wadogo nao wana koo. Mimi mtoni sifiki,” akaketi. Makofi hayakupigwa. Simba akaipitisha mada, Sungura akavikwa taji la ukoka.

Kesho yake asubuhi Fisi alisimama kwenye lango la boma la miiba lililozunguka bwawa, akiinua mmoja mmoja. Digidigi juu, haya, mtoni. Kanga juu, mtoni. Kobe alikuwa amewahi mapema, akajichimbia kucha na nusu ya gamba kwenye tope. Fisi akavuta, akauma, meno yakateleza.

“Wewe huinuki.”

“Basi mimi mkubwa,” Kobe akasema, akajichomoa taratibu, akaingia.

Akafuata Sungura na taji lake, hakusimama hata kusalimia. Fisi akamdaka masikio, miguu ikaning'inia.

“Niache, wewe. Kanuni nimeiandika mimi.”

“Najua. Una mwandiko mzuri, unasomeka.”

“Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba tuijadili upya.”

Simba, aliyejilaza ukingoni mwa maji, hakufumbua hata jicho. “Mwakani.”

Fisi akamtupa nje ya boma. Sungura akapenyeza pua kwenye miiba. Ile sauti ya mdahalo ilikuwa imekauka. “Mzee Kobe, ndugu yangu, niletee hata funda moja.”

“Naja, Bwana Katibu,” Kobe akaitika kutoka majini. “Mwendo wangu unaujua.”

Sungura alingoja mpaka jua likamkaa utosini, kisha akashika njia ya mtoni, peke yake. Ndiyo faida ya kushinda kila mada: siku moja utaishinda hata ile ya kukunyima maji.