Jivu la Zawena

Tegeni masikio, na wewe unayepiga miayo sogea mbele. Enzi hizo nyota hazijajua ujirani, huko juu kulikuwa na ukungu mtupu na giza, wala hakuna aliyewahi kuona moto.

Nyota ya kwanza kuwaka mahali pale alikuwa Zawena. Alikuwa na mwili mkubwa kupita kiasi, na kwa kuwa hakuwahi kuona moto ukizimika, alitia kuni zake zote kwa mpigo. Akawaka kwa fahari, akijiona amepata.

Fahari haikudumu. Kando yake walikuwapo wadogo zake, mafungu ya ukungu yaliyongoja kujikusanya yawe nyota. Kila alipowaka, joto lake liliwasukuma mbali. Mashavu, mdogo wake wa karibu, alikuwa amekwisha kumeguka nusu. Zawena alimtazama, akaogopa.

“Dada, punguza moto,” Mashavu alimwomba. “Tunatawanyika.”

“Nikipunguza, mwili wangu utaniangukia. Huu moto ndio unaonishikilia.”

Alizitazama kuni zilizobaki, akaona hazifiki mbali. Akiendelea, atawafukuza wote. Akizimika, giza litarudi. Roho haikumtulia hata kidogo, na huku anazidi kuwaka, maana hakuwa na namna nyingine. Mashavu akapotelea mbali, asionekane tena.

Kuni zikaisha. Mwili ukamwangukia, kisha ukapasuka kwa kishindo, jivu lake likaruka mpaka kwenye ukungu uliokimbia. Ukungu mtupu hupoa kwa shida sana. Huu ulipochanganyika na jivu ulipoa upesi, ukatulia, ukashikana. Huko alikokimbilia, Mashavu akajikusanya. Akawaka akiwa mdogo, taratibu, kuni zake za kumtosha siku nyingi. Wenzake wakawaka kando yake hata pakawa kijiji. Alimtafuta dada yake amwonyeshe, asimwone.

Na tangu siku hiyo nyota hukaa vijiji vijiji, na kati ya kijiji na kijiji pana uwanja mweusi ambao ukungu wake ulifukuzwa usirudi. Kila nyota iliyozaliwa baadaye ina jivu la wakubwa kama Zawena ndani yake, na chuma cha jembe lako kimetokana na jivu la namna hiyohiyo. Zawena mwenyewe hakuyaona haya. Alikufa akiamini amewaua wadogo zake.