Meja Aliyehutubia Migongo

Wahenga hawakukosea kusema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kilicho chini hakipandi juu kumfuata mtu, hata awe na cheo begani.

Meja mstaafu Tarsis alirudi kijijini kwao, jirani na kijiji cha Yakobi, akiwa amenyooka kama rula. Jeshini alikuwa mhandisi. Alijenga madaraja katika mikoa ya watu, ilhali kwao mto uliendelea kukwamisha malori ya viazi kila masika. Basi akagombea udiwani, apate sauti ya kudai daraja la mto huo.

Kampeni akaiendesha kijeshi. Mkutano saa moja kamili asubuhi, watu wapange mistari mitatu! Walifika wazee wawili na mbwa mmoja, na mbwa ndiye aliyesimama vizuri mstarini. Wengine wote walikuwa vinyunguni, zile bustani za mabondeni, wakichimbua viazi.

Meja akawafuata. Akasimama ukingoni, viatu vinang'aa, kipaza sauti mdomoni. Akaomba kura nusu saa nzima. Hakuna aliyeinua kichwa. Alihutubia migongo.

Aliyemjibu, kwa salamu ya kwao, ni shangazi yake, Bibi Dorosela, bila kuacha jembe.

"Kamwene, Meja."

"Kamwene, shangazi. Mbona hawanisikilizi?"

"Umesahau mila, mwanangu? Kwetu anayekuta watu shambani hushika tuta kwanza. Maneno yako tutayasikia tuta likiisha."

"Shangazi, suruali hii nimeipiga pasi leo."

"Viazi havijui pasi!"

Kicheko kikajaa bonde. Vestina, mke wa Meja, alikuwa ameshaingia tutani, kanga imekazwa kiunoni. Akamtazama mumewe.

"Baba Irine, daraja unalitaka au hulitaki?"

Meja akavitazama viatu vyake. Kwa miaka thelathini alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu tu. Akavua viatu hivyo, akakunja suruali, akashika jembe. Kiazi cha kwanza akakikata vipande viwili.

"Meja kaua!" wakapiga kelele akina mama.

Cha pili nacho kikafa. Kufikia tuta la tatu alikuwa amejifunza kupiga jembe pembeni ya shina, na viazi vikaanza kutoka vizima, vinono kama watoto wa mjini. Jua lilipofika utosini, kiuno kilimwaka moto na hotuba ilikuwa imemtoka kichwani kabisa. Wakamkaribisha viazi vya kuchemsha.

"Haya, sasa sema shida yako," akasema Bibi Dorosela.

Meja akachuchumaa, akachora daraja matopeni kwa kijiti: nguzo hapa, maji yapite pale. Safari hii vichwa vyote viliinama pamoja naye.

Kila siku iliyofuata alishika tuta la mtu. Matokeo yalipobandikwa, alikuwa ameshinda kwa mbali. Bibi Dorosela akapiga filimbi: "Mistari mitatu!" Akina mama wakajipanga, majembe begani, wakampigia saluti huku wakicheka hadi machozi.

Masika ya pili, lori la kwanza lililojaa viazi lilivuka mto kwa daraja jipya likielekea Makambako. Vigelegele vikapasua anga. Wakamtafuta diwani wao wapige naye picha juu ya daraja, wasimwone. Alikuwa chini yake, matope magotini, akikagua nguzo.

"Mwacheni," akasema Vestina akitabasamu. "Ameshazoea."

Naam, mtaka cha mvunguni sharti ainame.