Chura Aliyevuliwa Shuka

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na ua lililochelewa, na mama aliyelingoja!

Basi sogeeni karibu na moto. Anayesinzia alalie bega la jirani yake, lakini asikorome.

Hapo zamani za kale, huko milimani ambako ukungu hukaa hata mchana, aliishi mjane aitwaye Wakesho. Alijaliwa mtoto wa kiume, Mwakio, na binti, Mkamburi. Binti alifariki angali kigori. Lakini kabla hajafariki alipanda maua nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha migomba, karibu na mtungi wa maji. Watu waliyaita maua ya chura, kwa kuwa yalikuwa na madoa ya zambarau kama mgongo wa chura, na chura mwenyewe aliishi chini yake.

"Mama," alisema Mkamburi, "yakichanua, ujue nimekuja kukutazama."

Na kila mwaka, maua mengine yote yakishapukutika, hayo ndiyo yalichanua. Mama Wakesho alikaa nayo, akazungumza nayo, moyo ukatulia.

Mwakio akaoa. Mkewe aliitwa Mghoi, na kwa kazi hakuwa na mchezo. Desturi ya huko, bibi arusi hupimwa kwa ufagio. Mghoi alifagia uwanja mpaka ungeweza kumwaga uji ukaulamba. Lakini mama mkwe hakumwita mwanangu hata siku moja. "Mke wa Mwakio, leta maji." "Mke wa Mwakio, chakula kimeiva?" Basi jina hilo lilimchoma Mghoi kama mwiba.

Siku moja Mama Wakesho akaenda kumuuguza dada yake ng'ambo ya mlima.

"Mke wa Mwakio, nitunzie maua ya Mkamburi."

"Nitayatunza, mama."

Moyoni akasema: nikiyatunza vizuri, ataniita mwanangu.

Akashika ufagio. Shwa! Shwa! Shwa! Majani makavu yote yaliyofunika mizizi akayazoa, akayatupa. Udongo ukabaki mtupu, safi. Alasiri akajinyoosha mkekani, usingizi ukamchukua kidogo kidogo, akasikia sauti ikiimba:

"Mghoi, Mghoi, umenivua shuka,
nimelala wazi, vumbi lanifika."

Akashtuka. "Ndoto tu hiyo."

Maua yakaanza kujikunja. Mghoi akasema, "Yanataka jua." Akashika panga, akakata majani ya migomba, jua likaingia. Alasiri sauti ikarudi:

"Mghoi, Mghoi, umeniezua paa,
mgongo waungua, sina pa kukaa."

"Ndoto tu hiyo."

Maua yakawa ya kahawia. Mghoi akaingiwa na hofu. Akachukua jembe, akafukua mizizi atazame kama i hai, akafukia, akafukua tena. Alasiri ikaja sauti:

"Mghoi, Mghoi, umenikata usingizi,
sasa nitachanua vipi, mwizi we mwizi?"

Akafumbua macho. Chura huyo, pembeni mwa mkeka, koo linadunda! Mghoi hakusema ni ndoto. Alilia.

"Chura wee, mama akirudi nitamwambia nini?"

"Nipe shuka langu. Nipe paa langu. Nipe usingizi wangu."

Akarudisha majani makavu, akayatandaza juu ya udongo. Akasimamisha vijiti, akaweka mkeka mkuukuu uwe kivuli. Kila jioni akamwagilia maji polepole. Usingizi ndio ulikuwa mgumu kurudisha, maana mikono ilimwasha kutaka kufukua. Akaikalia.

Mama Wakesho akarudi. Akaona maua yamebaki vijiti vikavu.

"Mama, ni mimi," alisema Mghoi. "Niliyafagia, nikayaanika, nikayafukua."

Mama hakufoka. Aliingia ndani, akafunga mlango. Afadhali angefoka.

Mghoi akafunga nguo zake arudi kwao. Akapita nyuma ya nyumba kuyamwagia maji ya mwisho. Chini ya majani, sauti ikasema, "Ngoja." Akatua mzigo.

Akangoja. Maua ya majirani yakachanua, yakapukutika. Ukungu ukashuka, ukapanda, ukashuka. Ufagio ukasimama ukutani mpaka buibui akaufanya nyumba. Ndipo asubuhi moja, katika ukungu ule, madoa ya zambarau yakaonekana, moja, halafu mengi, yakielea kama yanayoota ndoto.

Mama Wakesho akatoka, akaketi chini.

"Karibu, Mkamburi," alinong'ona.

Kisha akageuka, akamwona Mghoi amesimama mbali na kata ya maji mkononi, anaogopa kusogea.

"Mbona wasimama huko?" alisema. "Njoo ukae, mwanangu."

Na chura akajivutia shuka lake, akalala.

Fundisho ni hili, wanangu: si kila kitu hutunzwa kwa kuguswaguswa. Kingine kifunike, kinyweshe, ukiache kilale.

Hadithi yangu nimeiacha pale chini ya majani, asiifagie mtu. Na mkiuona uwanja wangu una takataka, msiseme mzee huyu mvivu. Nafuga chura.