Magunia ya Bwana Mlekwa

Usinikunjie uso, msikilizaji, hata hujaisikia hadithi na umeshakataa. Bi Siwema, muuza maharage, alikuwa na meno matatu na akili, kwa kauli yake mwenyewe, pungufu ya meno. Bwana Mlekwa, afisa wa bei, akamwita ofisini.

"Bibi, serikali imeshusha bei ya maharage kwa nusu. Ukikataa, kizimba chako cha sokoni nampa mwingine."

"Mwanangu, niliishia darasa la nne, nasahau. Niandikie."

Akaandika.

"Na mwenye kuyaficha yapande bei?"

"Stoo yake ifunguliwe, yauzwe kwa nusu bei hiyo hiyo."

"Hata akiwa mkubwa?"

"Hata nikiwa mimi." Akaandika hilo pia, akagonga muhuri.

Bi Siwema akaitia karatasi kifuani. "Ahsante, baba. Jana mkeo kajisifu kwangu mna magunia sitini ya maharage ndani. Wateja wangu wamepanga foleni kwenu, wanaingoja karatasi hii."

Mlekwa akainuka kitini. "Bibi, ngoja. Tuliachie soko lijipangie bei."

"Andika basi. Kichwa changu hiki kitasahau kabla sijafika uani."

Mlekwa akaandika, akagonga muhuri. Bi Siwema akaichukua hiyo ya pili, ya kwanza ikiwa bado kifuani, akatoka, akaufunga mlango.